Wiki Tano za Kufunga Mdomo

Niseme ukweli mapema: mdomo wangu hauna breki. Ukinipa siri saa mbili asubuhi, kufika saa nne muuza samaki ananirudishia siri hiyohiyo, imeshatiwa chumvi. Kwa hiyo mtu akiniuliza ni kazi gani iliyonitoa jasho zaidi katika miaka thelathini na mitatu ya kupiga pasi kwenye duka la sare la Mama Bosi hapa mjini Huwei, simtajii msimu wa mwezi wa nane, shule zikikaribia kufunguliwa, mashati mia nne kwa siku na mvuke wa pasi usoni. Namtajia zile wiki tano nilizofunga mdomo kwa ajili ya Pin-yu.

Duka letu ni dogo. Mama Bosi anapima na kukata, mimi Chiung napiga pasi, na Pin-yu anadarizi majina na namba za wanafunzi juu ya mfuko wa shati. Hatuna mashine ya kompyuta. Mdarizi anakishika kitambaa kwa mikono miwili chini ya sindano inayocheza, anakizungusha mwenyewe kidogokidogo mpaka namba inatokea. Mkono ukitetemeka kidogo tu, nane inageuka tatu, na mtoto wa watu anabeba makosa ya mwenzake mwaka mzima. Mama Bosi alikuwa akiifanya kazi hiyo mwenyewe mpaka macho yalipomgomea. Ndipo akaja Pin-yu, binti wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye vidole ambavyo huwezi kuvinunua dukani. Alijifunza miezi sita, na sasa ana mwaka na nusu kwenye kile kiti.

Mwishoni mwa mwezi wa saba nililetea duka omeleti ya chaza kutoka sokoni. Pin-yu aliifungua, akaitazama, akawa kijani, akatoka nje mbio. Aliporudi alisema ni joto. Mama Bosi akanitazama, nami nikamtazama. Jioni akanijia kwenye meza ya pasi.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Hukuona."

"Basi sikuona."

"Chiung, nakujua. Hukuona mpaka tarehe tano mwezi wa tisa."

Nilimuuliza hiyo tarehe kaitoa wapi. Akaniambia kila mwezi Pin-yu humwomba kidonge cha tumbo kwenye droo ya duka, na kidonge cha mwisho aliomba katikati ya mwezi wa sita. Mwanamke hana mtoto hata mmoja, lakini hesabu zake za mambo haya zingemtia aibu mkunga.

Huku kwetu mimba haitajwi kabla ya miezi mitatu. Mtoto bado ni mgeni, na ile roho inayomlinda tumboni ina hasira za karibu. Haitaki kutangazwa. Haitaki mkasi wala msumari, na haitaki mtu asogeze kabati. Kina mama wengine huyafuata hayo chumbani tu, basi. Mama Bosi si kina mama wengine. Yeye aliamua kuyafuata dukani, duka la kushona, mwezi wa nane.

Kesho yake nikamkuta Pin-yu chooni ameinamia sinki, naye akanishika mkono.

"Shangazi, usimwambie mtu. Mama mkwe wangu atanichinja. Mpaka tarehe tano mwezi wa tisa. Na Mama Bosi ndiyo kabisa asijue!"

Hapo ndipo masaibu yangu yalipoanza. Huyu anajua na hataki yule ajue kwamba anajua, yule anaficha kitu ambacho huyu anakijua, na katikati wameniweka mimi, mwanamke nisiyeweza kuficha hata bei ya kitunguu.

Mama Bosi alikuwa na sababu ya kuharakisha. Sheria inampa mzazi wiki nane za likizo kwa mshahara kamili, na yeye si mtu wa kuizunguka sheria. Lakini mdarizi wa kushika zamu haokotwi kwa kubandika tangazo mlangoni. Anafundishwa miezi sita. Ukingoja mpaka Pin-yu afungue mdomo, ukingoja tena mtu apatikane, mtoto atakuwa keshaanza kukaa. Basi wiki ileile Mama Bosi akamleta Kuei, mwanamke wa miaka arobaini na tano aliyekuwa akishona glavu kwenye kiwanda kilichofungwa. Akatuambia ni wa msimu tu. Akamkalisha kwenye mashine ya Pin-yu, ile nzuri.

"Pin-yu, wewe mfundishe kidogo," akasema. "Ukimaliza kaa pale mbele, pokea simu."

"Simu? Mama Bosi, simu haiiti mara nne kwa siku."

"Ikiita ya tano utakuwepo."

Kisha mikasi ikatoweka. Yote, hata ule mdogo wa kukatia nyuzi; vitambaa Mama Bosi akawa anavikatia juu, mbali na macho. Pin-yu alipouliza, Mama Bosi akamkabidhi kikata kucha, kipya, bado kimo kwenye karatasi yake. Msichana akawa anakata nyuzi za sare za shule nzima kwa kikata kucha, tik, tik, tik, na wateja wanamtazama. Sijui ile roho ilikubali vipi kwamba kikata kucha si mkasi. Labda nayo ilikuwa imechoka kubishana na Mama Bosi.

Rafu ya suruali nayo ikalegea upande mmoja. Msumari mmoja tu ungetosha. Mama Bosi akaiegemeza kwa marundo ya sketi na akakataza mtu kuigusa. Baba wa mwanafunzi mmoja, fundi seremala, akajitolea kuigongea bure, nyundo anayo kwenye pikipiki. Mama Bosi alimfokea kana kwamba kaomba kuchoma duka. Yule bwana aliondoka bila hata kuchukua chenji yake.

Na chai, maana baridi nayo ni mwiko kwa mjamzito. Pin-yu amezoea chai ya barafu, kikombe kikubwa, kila siku saa nane. Mama Bosi akawa anakinyakua, anakimimina kwenye sinki, anamwekea maji ya uvuguvugu yenye tende nyekundu. Bila neno. Mimi nilikuwa naangalia hayo yote na kuinamia pasi ili nisicheke. Nilisema moyoni, tazama mwanamke huyu anavyompenda binti wa watu. Sikumtazama binti mwenyewe usoni. Hilo ni kosa langu, nalikiri.

Tarehe ishirini na saba mwezi wa nane, saa sita mchana, Kuei alikwenda kula wali wa nguruwe, na Mama Bosi alikuwa juu anatafuta vitambaa. Pin-yu akaja kwenye meza yangu na bahasha. Macho yamevimba.

"Shangazi, nisaidie kumpa Mama Bosi. Mimi siwezi."

"Nini hiki?"

"Naacha kazi. Nitamaliza msimu, mwisho wa mwezi naondoka."

Nilisahau pasi juu ya shati. Namba ishirini na tatu, kidato cha pili, Mungu anisamehe.

"Una wazimu? Kwa nini?"

"Amejua," akasema. "Sijui nani kamwambia, lakini amejua. Binamu yangu alifanyiwa hivihivi kwenye duka la miwani. Walipojua tu, wakampa mtu mwingine kiti chake, wakamtoa kwa wateja, wakampa kazi za kijinga mpaka akaacha mwenyewe, wasimlipe likizo. Mimi nimepewa kikata kucha, Shangazi. Kikata kucha!"

"Pin-yu, mwanangu..."

"Hata chai yangu anaimwaga. Kunionea tu. Wewe uko naye miaka yote hiyo. Kama kuna kitu unakijua, niambie. Nitaamini utakachosema."

Nilikuwa nacho mdomoni. Maneno matano tu yangetosha, na wanaonijua wataapa kwamba Chiung asingeweza kuyameza. Niliyameza. Nitawaambia kwa nini, ingawa si jambo ninalopenda kulisema.

Miaka thelathini na moja iliyopita Mama Bosi alikuwa na miaka ishirini na tisa, miaka sita kwenye ndoa, hajapata kitu. Asubuhi moja aliniinamia sikioni, hapohapo kwenye pasi, akanong'ona kwamba ana wiki saba. Nilifurahi kupita kiasi, na furaha yangu haijawahi kujua kukaa kimya. Nilikwenda sokoni kununua tambi, na kabla ya chakula cha mchana soko zima lilikuwa linampigia Mama Bosi kelele za pongezi mlangoni. Wiki ya pili yake mimba ikatoka. Daktari alisema hutokea tu, halina mkosaji. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu. Mama Bosi hakunilaumu, hata kwa jicho. Na hakupata nyingine tena.

Sijui kama naamini habari za roho yenye hasira za karibu. Siku nyingine naamini, siku nyingine nacheka. Lakini sikuwa tayari kujaribu mara ya pili kwa tumbo la mtoto wa mtu.

"Sijui kitu," nikamwambia Pin-yu. Akanitazama kama watu wanavyomtazama mwongo, akaenda kukaa kwenye simu yake. Iliniuma, nikaona nitalia juu ya sare za watu.

Nikapanda juu na ile bahasha.

"Bosi, anaacha kazi."

Mama Bosi alikuwa amekumbatia gombo la kitambaa cha bluu. Akaliweka chini polepole. "Nani anaacha kazi?"

"Unadhani nani? Anaona unamfukuza kwa vitendo. Umemnyang'anya kiti, mikasi na chai. Hata mimi ningeacha."

"Mimi namfukuza? Mimi?" Akakaa juu ya gombo. "Siku ngapi zimebaki?"

"Tisa."

"Hawezi kusubiri siku tisa?"

"Anasubiri nini, Bosi, wakati hajui kama kuna kitu cha kusubiri? Ongea naye."

"Siwezi kulitaja."

"Basi usilitaje! Zunguka! Wewe si uliwahi kumkopesha shemeji yako bila kutaja hela?"

Akashuka. Akateremsha nusu ya mlango wa chuma ili wateja wasiingie, akavuta stuli, akamketisha Pin-yu mbele yake. Mimi nikasimama kwenye pasi na kujifanya kiziwi.

"Pin-yu," akaanza, "tuseme kuna mtu. Si wewe. Mtu tu."

"Ndiyo, Mama Bosi."

"Mtu huyo ana shughuli yake. Mwezi wa tatu hivi."

"Shughuli gani?"

"Shughuli! Watu wana shughuli zao, siwezi kumwuliza kila mtu. Sasa bosi wake, si mimi, bosi tu, anamfikiria. Anataka mtu huyo apumzike asiwe na wasiwasi."

"Aondoke, yaani," akasema Pin-yu.

"Nani kasema aondoke? Chiung, nimesema aondoke?"

"Hujasema lolote, Bosi. Ndiyo shida yenyewe."

"Wewe piga pasi!"

Pin-yu akasimama. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na hata siku ile hakuipandisha. "Mama Bosi, mwaka mmoja na nusu sijakosea namba hata moja. Kama hunitaki, nifukuze kwa mdomo wako. Usinichoshe kwa kikata kucha. Nina... nina sababu zangu, naihitaji hii kazi, na nilifikiri wewe si mtu wa namna hiyo."

Uso wa Mama Bosi ulikuwa mwekundu. Midomo ilicheza, nikaona kabisa kwamba neno liko pale, na kwamba miaka thelathini na moja imelikalia. Hakulitoa. Badala yake akaivuta droo ya mezani kwa nguvu hadi ikatoka yote, vifungo vikamwagika sakafuni, akachomoa karatasi mbili na kuziweka mbele ya Pin-yu.

Ya kwanza ilikuwa mkataba wa Kuei. Pin-yu akausoma kwa sauti ya chini. Kujifunza kudarizi, mwezi wa nane hadi wa pili. Kushika zamu, wiki nane, kuanzia mwezi wa tatu. Mwisho wa kazi, mwezi wa tano. Ya pili ilikuwa fomu ya likizo. Jina, lake. Muda, wiki nane. Mshahara, kamili. Atakaporudi: kazi ileile, mashine ileile. Mhuri mwekundu wa duka ulikuwa umeshagongwa chini, na wa Mama Bosi mwenyewe pembeni yake. Mstari mmoja tu ulikuwa mtupu, ule wa sababu ya likizo.

Pin-yu akaisoma tena tangu juu. Kisha akaweka kidole kwenye ule mstari.

"Mama Bosi, hapa..."

"Usijaze!" tukapiga kelele sote wawili, mimi na Bosi, kwa pamoja. Mbwa wa jirani akaanza kubweka.

"Tarehe tano," akasema Mama Bosi, sasa kwa upole. "Utajaza tarehe tano. Mimi sijui kitu mpaka tarehe tano."

"Umejua tangu lini?"

"Nimekwambia sijui kitu. Wewe msichana husikii?" Akainama kuokota vifungo ili asionekane uso. "Nafundisha mtu mapema kwa sababu sitaki mwezi wa tatu uwe umelala na mtoto wa... umelala kwenye shughuli yako, halafu unawaza namba za watu. Utulie. Na ukirudi nataka ukute mashine yako haijaharibika. Kuei ana mkono mzito, lakini atanyooka."

Pin-yu akaketi chini pale sakafuni, kati ya vifungo, akalia mpaka akapata kwikwi. Mama Bosi akampa maji yake ya uvuguvugu. Barua ya kuacha kazi aliichana vipande vidogo kwa mkono, maana mkasi haukuwepo.

"Na kikata kucha?" Pin-yu akauliza baadaye, bado anapangusa pua.

"Kikata kucha kina nini? Kinakata."

Zile siku tisa zilizobaki zilikuwa mbaya kuliko zote za nyuma. Sasa watatu tulikuwa tunajua, na kila mmoja anajua kwamba wenzake wanajua, na bado hakuna aliyeruhusiwa kutaja. Mama Bosi akileta supu ya kuku mweusi anasema imebaki nyumbani. Pin-yu akikimbilia chooni sote tunalaumu joto, hata siku ile ya mvua. Kuei akaniuliza kama Pin-yu ana ugonjwa wa figo. Nikamwambia aulize figo zenyewe.

Tarehe tano Pin-yu aliingia saa mbili kasoro, nywele amezifunga vizuri, akaiomba ile fomu. Akaandika neno moja kwenye mstari mtupu: kujifungua. Akamkabidhi Mama Bosi kwa mikono miwili.

"Ee!" akasema Mama Bosi. "Una mimba? Chiung, umesikia? Ana mimba!"

"Haiwezekani!" nikasema, na nikashika kifua. Kuei aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona mtu anaigiza vibaya vile maishani mwake.

Mama Bosi akakunja fomu, akaitia kwenye droo. Akaifunga. Halafu akanigeukia, na hapo hakuwa anaigiza.

"Chiung, vua aproni. Nenda."

"Niende wapi?"

"Sokoni. Si unakufa kwa kunyamaza? Nenda ukaseme. Waambie wote, anza na hao mabingwa wa umbea kule kwenye samaki. Waambie Pin-yu anajifungua mwezi wa tatu, anapumzika wiki nane kwa mshahara wake wote, na kiti chake kina mwenyewe. Asije mtu kuniletea binti yake hapa kuulizia kazi."

"Bosi, nikaseme mimi?"

"Nani tena kama si wewe? Nenda, kabla hakujaanza joto."

Nilitembea mtaa mzima nimeshika aproni mkononi, nilisahau kuiacha. Nilipofika kwa Bi Hsueh, muuza madonge ya samaki wa kusagwa, nilisimama mbele ya sufuria lake. Huyu ndiye niliyemwambia wa kwanza, miaka ile thelathini na moja iliyopita. Nikafungua mdomo, huu mdomo wangu usio na breki, na badala ya habari kikatoka kilio.

Bi Hsueh akazima moto, akafuta mikono, akaja upande wangu wa meza.

"Chiung," akasema, "sisi tunajua ya Pin-yu tangu mwezi wa saba, alipotoka mbio kutapika. Soko zima linajua. Tulikuwa tunakusubiri wewe uje utuambie."